Tanki Lililokataa Kuhama

Ukipita Goma ukaona muzee mwenye tai na koti la mvua anapiga kisigino chini, kisha anainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mugonjwa, usimuite mwendawazimu. Huyo ni Gidi. Sisi wa mutaa wa Murara tulimuita hivyo kwa ile Kifaransa ya wenye kuongoza wageni, na hata muke wake alimuita Gidi wakiwa mezani. Jina la ubatizo lilibaki kwa padri.

Kazi yake ilikuwa kuonyesha muji. Si ule muji wa kwenye kalenda, mulima unaowaka na masokwe wa msituni. Hayo alisema ni ya wenye magari. Yeye alikuonyesha mahali unapopita kila siku na mizigo yako bila kutazama. Kulikuwa na nyumba ya ghorofa ambayo moto wa mulima ulimeza chini yote, wenyewe wakarudi kuingilia dirishani. Leo dirisha ni mulango, na mulango wa zamani ni shimo la kuwekea viazi. Gidi aliwasimamisha wageni pale, akapanguza viatu, akasema, "Muingie polepole. Hapa ndiyo muji pekee ambamo mutu anapanda ngazi kwenda chini."

Kisigino cha kiatu chake cha kulia kilikuwa na kipande cha chuma. Kwa kisigino hicho alisikiliza lava. Sauti ikirudi kavu, ni jiwe tupu. Ikirudi nzito, chini kuna nyumba. Ninakuapia sijawahi kusikia ikirudi kavu. Kila alipopiga palikuwa na kitu: hapa posta ya Wazungu, hapa kinyozi, hapa bibi aliyekuwa anauza mandazi mabaya. Siku moja alipiga mbele ya komine, ile ofisi ya serikali, akatangaza kwamba chini iko piano. Mwalimu mumoja akamuuliza, "Piano ya nani?" Akajibu, "Kama ningemujua mwenyewe, ningekuwa nimemurudishia."

Mimi nilisoma mpaka la tano, nikaachishwa. Ninauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, katika beseni, na leo naishi Mabanga kwa nyumba ya kupanga. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni yale niliyoona na macho yangu, na majina ya waliokosa nitayataja, maana wao hawakuona haya.

Gidi alikuwa anauogopa mulima kuliko mutu yeyote niliyemujua. Alilipwa kuuonyesha na hakuwahi kuutazama. Akiwapeleka wageni juu ya kile kilima cha karibu na bandari, ambako unaona muji wote na ziwa lote, yeye alisimama uso kuelekea ziwani na kunyoosha kidole nyuma ya bega. "Nyuma yangu kuna mulima," alisema. "Munisalimie." Mgeni akiuliza kama unatoa moshi leo, Gidi alisema, "Wewe ndiye unautazama, niambie." Akisikia ndiyo, vizita, yale matembezi ya kuonyesha muji, iliishia hapo hapo, na wageni walimuona muongozaji wao anashuka kilima mbele yao mbio, koti linapepea, akiendelea kuwaeleza mambo ya bandari kwa sauti inayopungua.

Bustani zetu pia alizijua. Goma ina majani mazuri, ila yana walinzi. Wakubwa walichukua ufuko wote wa ziwa, wakajenga kuta, na ndani wamepanda maua ambayo wao wenyewe hawana saa ya kuyaona. Gidi alikuwa na tundu lake katika ukuta mumoja. Aliwapanga wageni msitari, jicho moja moja, na aliyekaa sana alimugusa mgongo: "Mama, umekwisha kula majani yako, pisha wengine." Mulinzi wa ndani alimujua. Wakati mwingine alisogeza toroli kando ili watu waone vizuri, kisha naye akaweka jicho upande wake aone wageni ni wa namna gani.

Kwa wasiotaka tundu, alikuwa na msitu. Miti mitatu ya mikaratusi nyuma ya nyumba ya jirani mumoja, na kamba ya nguo imefungwa kati ya miwili. Kabla ya kuingia aliwaomba wanyamaze. Watu wazima, na simu zao na miavuli yao, walipita chini ya suruali zilizoanikwa wakinong'ona. Nilicheka siku ya kwanza. Siku nyingine nilipita peke yangu na beseni langu, na nilijikuta mimi pia nimenyamaza.

Sasa habari ya waasi. Walikuja wa kwanza, wakaja wa pili, wakaja wengine ambao walikuwa wa kwanza wamebadilisha jina. Mimi nimechoka kuyashika yale majina. Kila wakiingia muji, sisi tulijificha chini ya vitanda na Gidi alivaa tai. Alisema mutu akishateka muji, lazima atataka kuuona. Na kweli. Komanda mumoja, kijana mwenye miwani ya jua, alimuita ampeleke Ziwa la Kijani, lile dogo lililo ndani ya shimo la mulima wa kale, upande wa barabara ya Sake. Gidi akamuambia desturi ya pale ni kwamba mwenye bunduki akichungulia maji, haoni sura yake, anaona sura ya mama mukwe. Komanda akacheka. Wale askari wake hawakucheka. Waliweka silaha chini mumoja mumoja, wakachungulia, wakapumua. Komanda alibaki mbali na bunduki yake begani, anasema haya maji yeye ameyaona ya kutosha.

Siku nyingine alikuwa na watu wa Butembo, wafanyabiashara waliokuja kununua vitambaa, risasi zikaanza kulia upande wa uwanja wa ndege. Wote wakalala chini, tumbo kwenye mawe. Mimi nilikuwa karibu, nikalala na beseni langu. Na Gidi, shavu limebanwa chini, aliendelea. "Kulia kwetu," alisema, "kama mungeweza kuinua kichwa, mungeona kanisa kubwa ambalo moto uliacha kuta tu. Musiinue. Nitawaeleza." Akaeleza mpaka vioo vya madirisha vilivyoyeyuka. Risasi zilipokwisha, mama mumoja wa kwao akauliza, "Tunaweza kuamuka?" Gidi akasema, "Bado kidogo. Sijafika kwenye kengele."

Walimupenda, unaona. Na mimi nilimupenda pia, hilo ndilo jambo gumu. Kwa sababu mutu huyu huyu ndiye alimuibia mama yangu kulala vizuri.

Alikuwa na msemo alioutoa kila vizita: "Mulima hauibi. Mulima unahamisha tu. Batu ndio banaiba." Wageni waliuandika. Ukisikia msemo huo, ukumbuke, maana sasa nafika kwenye tanki.

Avenyu yetu ya Murara ilikuwa inashuka kuelekea ziwa. Juu kabisa alikaa mwenye baa, na mbele ya baa palikuwa na tanki la maji la chuma, kubwa, la rangi ya bulu. Chini yake nyumba zilifuatana moja moja mpaka kwa Dezire, na chini ya Dezire, ya mwisho, kwenye kona ya barabara kubwa, ilikuwa nyumba ya mama yangu. Kona ilikuwa baraka. Mama alipika maharagi pale kwa wasukuma chukudu wanaoleta mizigo kutoka Rutshuru kwa yale magari yao ya mbao, na harufu yake iliwafanya wafunge breki kwa kiatu.

Moto uliposhuka tulikimbia na nguo za mwilini. Tuliporudi lava ilikuwa bado na joto, kandambili zinanuka, na avenyu haikuwepo. Uwanja mweusi tu, na katikati ya uwanja, limeinama kidogo, lile tanki la bulu. Watu waliona tanki wakalia kwa furaha kama wameona ndugu. Kila jamaa ilitaka kushika parseli yake, kiwanja chake cha nyumba, kabla ya wengine, kwa fimbo na kitambaa, lakini fimbo uisimike wapi? Ndipo Gidi, ambaye wakati ule hakuwa gidi wa kitu chochote, alipanda juu ya jiwe.

"Tanki ya chuma," alisema, "imejaa maji. Inaweza kwenda wapi?"

Wote wakakubali. Mimi pia nilikubali. Wakaleta kamba ya mbuzi, Gidi akashika kichwa cha kamba kwenye tanki, na shefu wa avenyu, jina lake Balthazar, akavuta upande wa pili. Wakapima parseli zote kwa kufuatana, kutoka tanki kushuka chini, kila mutu na upana wake wa zamani. Walipofika kwa mama yangu, kamba ilikuwa katikati ya barabara kubwa.

Lava ilikuwa imelisukuma tanki. Ilikuwa imelishusha upana wa parseli nzima, na avenyu yote ikashuka nalo. Dezire akaangukia kwenye kona yetu. Na huko juu, mahali pa baa, parseli mupya ikaota kama uyoga, isiyo na mwenyewe, na Balthazar akaiuza kwa mugeni kabla uji wa asubuhi haujapoa. Jina lake ni Balthazar, narudia, asije akasema ni mwingine.

Mama yangu alipewa barabara. Musidhani natia chumvi. Alipeleka kiti chake, akakaa pale kamba ilipomuonyesha. Lori lilipiga honi. Mama akamuambia dereva, "Baba, unapita katika saloni ya nyumba yangu." Dereva aliteremka, akaomba radhi, akazunguka. Wa pili hakuteremka. Nilimuvuta mama na kiti chake.

Sasa utasema, pengine mama yako alikosea. Hata mimi nilijiuliza. Mpaka Dezire alipochimba shimo la choo. Alivunja lava kwa mutarimbo, akafika chini, akatoa marmiti ya chuma, ile sufuria nzito ya miguu mitatu. Marmiti ya maharagi. Mama aliijua kwa sikio moja lililovunjika, nami ndiye nililivunja nikiwa mutoto. Dezire alikuwa amekwisha kuitilia maji ya kunywesha kuku wake.

Watu wakajaa. Mama akasema, "Hii marmiti iko yangu. Kwa hiyo hapa ndipo jikoni yangu."

Dezire akasema, "Mama, lava ndiyo ilibeba hii marmiti ikaileta kwangu."

"Ilibeba marmiti, na haikubeba tanki?"

Balthazar akatazama viatu vyake. Mama akamugeukia Gidi, ambaye siku zile alikuwa amekwisha kununua tai. Wageni wa kwanza walikuwa wameanza kuja, watu wa misaada na mafoto yao, na yeye aliwapeleka kwenye tanki moja kwa moja: "Tanki lililokataa kuhama. Mulima ulifika hapa ukaliogopa." Tanki ndilo lilikuwa mukate wake.

"Gidi," mama alisema. "Wewe ulishika kamba. Sema."

Gidi alinyoosha tai. Nilimuona akitazama marmiti, kisha tanki kule juu, kisha marmiti. Akasema, "Mama, marmiti iko na miguu."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Miguu mitatu, unaelewa, ilitembea. Hata kuku wa Dezire walishituka. Mama hakucheka. Alichukua marmiti yake na maji ya kuku ndani, tukaenda nayo Mabanga.

Msemo ule ulizunguka muji. Kitu kikipotea sokoni, mutu anasema, "Kiko na miguu, kama marmiti." Mama yangu aliusikia kwa watu wasiojua umetoka wapi. Miaka yake ya mwisho hakutaka tena parseli. "Nyumba mutoto atapanga," alisema. "Mimi nataka mutu mumoja tu aseme mbele ya watu kwamba nilikuwaka pale, niliishi pale." Nilikwenda kwa Gidi zaidi ya mara moja. Alinipokea vizuri, akaniwekea kiti, akaniambia sambaza zangu ni nzuri kuliko za soko la Kituku yote. Nikimutajia tanki, alisema, "Mama Sambaza, mahali pasipo na hadithi ni parseli tupu. Ukiniondolea tanki, nitaonyesha nini?" Siku ya maziko ya mama alikuja, na koti lake, akasimama nyuma. Alipiga kisigino kidogo, kwa mazoea. Nilimuangalia, akaacha.

Mulima ukashuka tena miaka baadaye. Safari hii moto ulisimama nje ya muji, lakini sote tulikuwa tumekwisha kukimbia, na Gidi alikimbia kuliko wote. Walimuona Sake, walimuona mbele ya Sake, dereva mumoja aliapa alimuona anavuka mahali ambapo hakuna njia. Aliporudi alikuwa amekonda, kisigino kimeng'oka, na wageni hakuna. Kisha waasi wakaingia tena, na hao hawakutaka vizita, wanasema muji wanaujua.

Na hapo ndipo tanki lilihama. Balthazar aliliuza kwa wanunuzi wa vyuma. Vijana walikuja na misumeno, wakalikata vipande, wakavifunga juu ya chukudu. Mimi nilikuwa napita na beseni. Avenyu nzima ilitoka kutazama. Tanki lililokataa kuhama lilishuka barabara juu ya magurudumu mawili ya mbao, linapiga kelele kama sahani, na musukumaji anaimba. Gidi alikuwa amesimama kando na tai yake. Lilipomupita alivua kofia.

"Sasa limekubali," nilimuambia. Nilitaka kumuumiza.

Alitazama mahali lilipokuwa, doa jekundu la kutu tu. Kisha alinigeukia. "Mama Sambaza, una dakika? Iko vizita moja sijaifanyaka."

Siku ile palikuwa na arusi. Bwana na bibi arusi walikuwa wamekuja na kundi lao kupiga foto mbele ya tanki, kama arusi zote za Murara, nao wamekuta doa. Bibi arusi alikuwa karibu kulia. Gidi akapiga makofi. "Musihuzunike, ni hapo chini tu. Kuna mahali pazuri zaidi." Na kundi lote, gauni limeinuliwa na mikono minne, likamufuata avenyu kushuka, na mimi nyuma na samaki.

Alisimama kwenye kona, mulangoni mwa butike ya Dezire, duka alilofungua pale. Akapiga kisigino. Chuma hakikuwepo, kwa hiyo haikusikika kitu. Akapiga tena kwa muguu wote.

"Hapa chini," alisema, "iko jikoni. Mama wa huyu mama wa sambaza alipikaka hapa maharagi ambayo yaliwafanya wasukuma chukudu kusahau bibi zao. Lava haikuileta hii jikoni. Ilikuwaka hapa. Tanki ndilo lililohama, na avenyu yote ikahama kwa uongo. Mimi ndiye nilishika kamba."

Dezire alitoka, kitambaa begani. "Gidi, umezeeka. Unapotea."

"Nimepotea tangu mulima ushuke," Gidi alisema. "Leo ndiyo nimefika."

"Ulisema marmiti iko na miguu. Watu wote walisikia."

"Iko nayo. Mitatu. Lakini haikutembea, Dezire. Ilikaa jikoni kwa mwenyewe ikimungojea, na wewe ukaitilia maji ya kuku."

Bibi arusi akasema, "Ya kuku?" kwa sauti ambayo hata mimi nilimuhurumia Dezire, kwa kitambo kidogo. Kisha kundi likajipanga mulangoni, wakapiga foto, na kwa kuwa jua lilikuwa kali wakanunua sikre zote, zile soda za chupa, zilizokuwa kwenye friji.

Parseli haikurudi. Musitegemee hivyo, Balthazar bado ni shefu na makaratasi ni yake. Lakini arusi zilihamia kwenye kona. Wakija wanauliza, "Ni hapa kwa mama wa maharagi?" Na Dezire, ambaye hajawahi kumufukuza mutu mwenye kiu, hana la kufanya. Akikataa, wanarudi bila kununua. Kwa hiyo anasema ndiyo, ni hapa.

Juzi nilimukuta Gidi sokoni, anatembea na fimbo. Macho yamekuwa na ukungu, anamutambua mutu kwa harufu, na mimi harufu yangu haina shida. "Twende vizita," akasema. Nikamushika mukono. Kwenye kona tulikuta wageni wachache, na Dezire amesimama mbele yao, kitambaa begani, anaeleza. Alipotuona alinyamaza.

"Endelea, muongozaji," Gidi alimuambia. "Sisi ni wageni tu."

Dezire akatazama juu, akatazama chini. "Hapa," alisema haraka haraka, "ilikuwaka nyumba ya mama mumoja aliyepika maharagi."

"Piga kisigino," Gidi akasema. "Bila kisigino hawaamini."

Dezire akapiga kisigino. Gidi aliinamisha kichwa, akasikiliza sana, kisha akanisukuma kidogo kwa kiwiko. Mimi niliteremsha beseni, nikaegemea mulango wa jikoni ya mama yangu.

"Kuna lori limepita," nilimuambia Dezire. "Sikusikia vizuri. Sema tena."